Chumba cha Elfu Arobaini: Mwongozo wa Kupanga Dar es Salaam Vyuma Vikiwa Vimekaza

Chumba changu cha kwanza Dar kilikuwa Mbagala, elfu arobaini kwa mwezi, na kibarua changu kilikuwa Mwenge. Kwa wiki tatu hivi nilijiona mjanja. Usiku mmoja umeme umekatika, nikakaa na kalamu na tochi ya simu, nikakuta nauli inanila kuliko mwenye nyumba. Tangu hapo nimehama mara tano. Nimewahi kupoteza kodi ya miezi mitatu, nikanusurika kupoteza ya miezi sita, na siku hizi ndugu wakitaka kupanga wananipigia mimi kabla ya kumpigia dalali. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kaa na kalamu kabla hujaenda kuona chumba

Anza na nauli. Daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 tangu Desemba 2023. Gari moja kwenda na moja kurudi, siku 26 za kazi, ni 31,200 kwa mwezi. Ukiunga gari mbili kila upande ni 62,400. Chumba cha elfu arobaini cha kuunga gari mbili kinakugharimu 102,400. Chumba cha elfu sabini cha gari moja kinakugharimu 101,200, na unalala nusu saa zaidi. Kama kutoka kituoni hadi nyumbani hakupitiki usiku bila bodaboda, iandike na hiyo boda. Watu wengi huisahau kwa kuwa wanakwenda kukiona chumba saa nne asubuhi, jua linawaka na njia inapendeza.

Hesabu ya pili ni ya mkupuo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka. Tuchukue chumba cha elfu sitini: miezi sita ni 360,000, dalali anachukua ya mwezi mmoja, 60,000. Hapo ni 420,000 na bado hujakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ya kubeba godoro, hujanunua kitasa kipya, hujanunua ndoo na madumu ya maji. Weka laki tano kichwani. Aliyeshika 360,000 mkononi akadhani amemaliza, ndiye utamkuta jioni ya kuhamia anaomba mkopo kwenye simu.

Hapo kwenye mkopo niseme wazi: usilipe kodi kwa mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa. Marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, kodi ni ya nusu mwaka, na wewe unalipwa mwisho wa mwezi. Mambo matatu yasiyopatana. Kama uko kwenye mchezo au kikoba, omba zamu yako iangukie mwezi wa kodi. Watu wakijua ni ya kodi huwa hawakatai. Kama huna kikundi, kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafanya kazi kuliko laini ya simu, kwa sababu hakina menyu.

Kabla hujakubali miezi sita, omba mitatu. Wengi hawaombi kabisa, wanadhani ni sheria. Hakuna sheria inayomlazimisha mpangaji kulipa miezi sita. Ni mazoea ya soko tu. Hata ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo bei na muda ni makubaliano yenu wawili. Sentensi inayonisaidia ni hii: "Mama, nikikupa miezi mitatu leo, mitatu mingine nitakuletea tarehe fulani, na tuiandike." Chumba kilichokaa wazi miezi miwili kinamuuma mwenyewe, na utakijua kwa vumbi la dirishani na utando wa buibui kwenye kona za dari. Chumba cha namna hiyo kina mazungumzo.

Dalali ni mtu wa kukuonyesha njia

Sina ugomvi na madalali, nimeshakula nao chipsi. Lakini pesa ya kodi haipiti mikononi mwao. Utaratibu wangu ni huu: hela ya kuonyeshwa nalipa mara moja kwa siku, si kwa kila mlango, na tunakubaliana kabla ya kuondoka kijiweni. Chake cha mwezi mmoja anakipata nikiwa nimeshaonana na mwenye nyumba ana kwa ana, nimelipa, nimepewa risiti na ufunguo umefungua mlango. Akisema mwenye nyumba yuko safari na yeye ndiye anayepokea kwa niaba yake, mshukuru na uondoke.

Kuna mchezo mmoja ambao nusura unimalize. Mtu anapanga chumba kizuri kwa mwezi mmoja, anajifanya ndiye mwenye nyumba, halafu anawapangisha watu watano kwa siku mbili. Wote wanalipa miezi sita. Jumamosi asubuhi zinafika kirikuu tano kwenye mlango mmoja. Mimi niliponea kwa sababu ya mama muuza genge wa pale mbele. Nilimnunulia nyanya za mia tano, nikamuuliza, "Huyu baba mwenye nyumba ni mtu wa kuelewana?" Akacheka: "Baba yupi? Hii nyumba ni ya bibi, yuko ndani hapo anaumwa miguu."

Muuza genge, fundi cherehani, mama ntilie na vijana wa boda wa kijiwe cha pale pale wanajua vyumba vilivyo wazi kuliko dalali wa mbali. Ukiwa na muda, chagua mtaa mmoja na uutembee jioni mbili tatu kwa miguu. Vyumba viwili kati ya sita nilivyowahi kupanga nilivipata hivyo, bila kumlipa mtu hata senti.

Nenda mara mbili

Mara ya kwanza mchana, mara ya pili saa mbili usiku. Mchana unaangalia nyumba, usiku unaangalia mtaa. Grosari iliyolala saa nane mchana inaweza kuwa na spika nne saa nne usiku.

Mchana, angalia chini ya kuta kabla ya dari. Mstari wa rangi ya udongo unaozunguka ukuta kwa urefu mmoja ni alama ya maji yalipofika. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta ni mbaya zaidi: mtu ameufuta huo mstari. Bonde la Msimbazi linajulikana, Jangwani, Kigogo, Mchikichini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Ila vibonde vidogo visivyo na jina vipo kila mahali, hata Goba, hata Tabata. Ukipanga Januari, uliza habari za Aprili.

Angalia pia alama ya X nyekundu ukutani, maana yake nyumba imewekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Waliokuwa Kimara mwaka 2017, barabara ya Morogoro ilipopanuliwa, hawahitaji kuelezwa. Nyumba ikibomolewa, mpangaji aliyelipa mwaka mzima anabaki kumtafuta mwenye nyumba ambaye naye ana msiba wake.

Maji usimuulize mwenye nyumba, waulize watoto. Mwenye nyumba atasema "maji yapo," na kweli bomba utaliona. Mtoto atakwambia yanatoka Jumanne na Ijumaa usiku, na siku nyingine wanachota kwa jirani, ndoo bei fulani. Muulize tena kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, au ya kisima, maana kuna visima vya maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu na chai inakuwa ya ajabu. Nyumba yenye simtank ina nafuu: mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaingia, waliokuwa na pa kuhifadhia ndio waliolala.

Choo: vyumba vingapi vinakitumia, na kikijaa nani analipia gari la kunyonya? Swali la pili ndilo la muhimu. Nimeishi nyumba ambayo jibu lilikuwa "tutaona," na tukaona kweli.

LUKU, chanzo cha nusu ya ugomvi wa uani

Hapa nitakaa kidogo. Katika nyumba za vyumba sita zenye korido katikati na uani nyuma, mita ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia, huwa moja, na ugomvi wake hauishi.

Kwanza bei. TANESCO ina kundi la wateja wadogo wa majumbani, D1, ambao yuniti 75 za kwanza za mwezi wanalipa shilingi 100 kila moja, na kundi la matumizi ya kawaida, T1, shilingi 292. Ukiongeza VAT na makato mengine inakuwa kama 122 na 356. Njia ya haraka ya kujua mita iko kundi gani ni kuomba kuona risiti ya mwisho ya umeme: kwa shilingi 1,000, aliye D1 anapata kama yuniti 8, aliye T1 anapata 2.8.

Sasa fikiria. Nyumba ya vyumba sita kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya yuniti 75, kwa hiyo karibu lazima iwe T1. Wewe ukitumia yuniti 40 kwa mwezi, huko unalipa 14,240. Kwenye chumba chenye LUKU yake iliyo D1, yuniti hizo hizo ni 4,880. Tofauti inazidi elfu tisa. Yaani chumba chenye mita yake kinaweza kuzidi kodi kwa elfu tisa na bado usipate hasara, tena huchangishwi na mtu.

Kama mita ni ya pamoja, uliza mnagawanaje kabla hujalipa kodi. Kugawana sawa kwa vyumba kunampendelea mwenye friji. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja: pasi ya wati 1,000 inaimaliza ndani ya saa, feni ya wati 50 inaenda nayo saa 20, taa ya wati 9 inazidi saa 100. Kwa hiyo acheni kugombana juu ya taa iliyosahaulika. Ugomvi wenu ni friji, pasi na birika la umeme.

Tabata tulimaliza ugomvi kwa mafungu. Taa na chaji ya simu fungu moja. TV na feni unaongeza moja. Friji unaongeza matatu. Vyumba viwili vilikuwa na fungu moja moja, viwili mawili mawili, viwili matano matano, jumla mafungu 16. Mwezi wa umeme wa 48,000, kila fungu 3,000: wa taa tu walitoa 3,000, wa TV 6,000, wa friji 15,000. Zamani kila chumba kilitoa 8,000 na kila mwezi kulikuwa na mtu hasalimii. Pasi na birika tuliviachia ustaarabu, na hapo sidanganyi, ustaarabu wenyewe uligoma mara kadhaa.

Kuna na kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU; ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi hii ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe. Ukiwa na mita yako, mwambie mapema kwamba hiyo 18,000 ya mwaka itatoka kwenye kodi ya pango, na iandikwe. Na kama chumba kilikaa wazi muda mrefu, deni linakusubiri: miezi minne ni 6,000, na utalikuta siku unanunua umeme wa kwanza.

Nani hasa mwenye nyumba?

Ile kodi ya miezi mitatu niliipoteza hapa. Nilimlipa mtu ambaye kweli alizaliwa kwenye nyumba ile na kukulia pale. Baada ya wiki tano wakaja dada zake wawili na karatasi ya mahakama: mmoja wao ndiye msimamizi wa mirathi, nyumba inauzwa, wapangaji watoke. Kaka mtu hakunitapeli, kwa maelezo yake. Alikuwa ameshaitumia.

Nyumba nyingi za uswahilini ni za urithi. Hilo halizuii kupanga, ila uliza: "Nyumba ni ya nani, na yuko hai?" Ukijibiwa ni ya marehemu, uliza nani msimamizi na uombe kuonana naye, au angalau aongee nawe kwa simu mbele ya huyo anayepokea pesa. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Salimia, sema unataka kuhamia nyumba fulani, unataka kuijua kabla. Mwenyekiti au mtendaji anajua nyumba ipi ina kesi. Nakwenda kabla ya kulipa. Wengi wanakwenda baada ya kuliwa.

Andika, hata kama ni kwenye daftari la shule

"Sisi huku tunaishi kama ndugu" ni sentensi nzuri, na baada yake unatoa kalamu. Mkataba wa chumba hauhitaji wakili. Mimi huandika hivi, nakala mbili:

"Mimi (jina kamili), mmiliki wa nyumba iliyopo mtaa wa (jina), nimempangisha (jina kamili) chumba kimoja kwa kodi ya Sh. 60,000 kwa mwezi. Leo nimepokea Sh. 180,000, kodi ya miezi mitatu kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei. Kodi haitapanda ndani ya kipindi hiki. Nikihitaji chumba kabla ya muda kwisha, nitarudisha kodi ya miezi iliyobaki. Kila upande utatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Matengenezo ya bati, choo na nyaya za umeme ni ya mwenye nyumba. Umeme utagawanywa kwa (namna mliyokubaliana)."

Sahihi zenu, shahidi mmoja kila upande, namba za vitambulisho. Ukiweza kugonga muhuri wa serikali ya mtaa, bora zaidi. Lipa kwa benki au kwa simu kwenye namba yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Jina likitofautiana, simama kwanza uulize. Pesa taslimu ikibidi, idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

Siku ya kupokea ufunguo piga picha: dari, sakafu, dirisha, soketi, mlango. Badilisha kitasa siku hiyo hiyo. Aliyetoka anaweza kuwa mtu mwema, ila hujui ufunguo wake alimpa nani. Kisha jitambulishe kwa mwenyekiti na majirani. Barua ya utambulisho utaihitaji siku moja, na kuiomba kwa ofisi isiyokujua ni kazi.

Kodi ikiisha na mfuko umetoboka

Itatokea. Kosa kubwa ni kumkwepa mwenye nyumba, kuingia saa sita usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri. Nenda mwezi mmoja kabla. "Shikamoo mama. Mwezi ujao kodi inaisha, kazini wametupunguza, nina ya mwezi mmoja mkononi." Mara nyingi atalalamika, atakutajia ada za watoto, halafu atapokea. Mpangaji anayejulikana ana thamani kuliko mgeni atakayeletwa na dalali, na yeye anaijua hesabu hiyo. Mkikubaliana, ongezeni mstari kwenye mkataba ule ule na mtie sahihi.

Akikwambia utoke kesho, kesho si notisi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, upangaji usiotajwa muda unahesabiwa kwa kipindi unacholipia kodi, na notisi haipaswi kupungua kipindi hicho: ukilipa kwa mwezi, ni mwezi. Kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo nje ili utoke si njia ya kisheria, hata kama unadaiwa kweli. Yakifika hapo, piga picha, ita mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kisha peleka shauri Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana linathibitisha hivyo, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba mkataba, risiti na meseji za malipo. Kwa mzozo wa chumba kimoja, wengi humalizana kata, kwa kuwa kufuatilia wilayani kunakula siku za kazi za wote wawili.

Ukihama kwa amani, safisha chumba, piga picha zilezile ulizopiga siku ya kwanza, rudisha ufunguo mbele ya shahidi na uandikiwe kwamba hudaiwi. Na kama mita ilikuwa yako peke yako, wiki ya mwisho nunua umeme wa elfu moja moja. Niliwahi kumwachia mpangaji asiyejulikana yuniti sitini na moja, na sijamsikia akinipigia kushukuru.